Giaboksi ya otomatiki iliyotumika: mwongozo kamili wa kupima, kununua na kufunga bila kurudi dukani mara ya pili

Ujumbe huu nimeujibu mara nyingi mno: "Kaka, nimenunua giaboksi, fundi kafunga, wiki tatu tu tatizo limerudi lilelile." Ukimhoji mwenye gari unakuta mambo mawili. Ama giaboksi ya kwanza haikuwa imekufa, ama kilichoiua bado kimo ndani ya gari na kimeimaliza na ya pili.

Kwa hiyo mwongozo huu hauanzii dukani. Mifano mingi ni ya Toyota, kwa sababu ndiyo magari tunayoendesha, lakini utaratibu ni uleule kwa Nissan, Honda na Subaru.

## Vitu vya kuandaa kabla ya kutoa hata shilingi

- Picha ya kibati cha gari chenye namba ya fremu na maelezo ya giaboksi.
- Skana inayosoma kompyuta ya giaboksi. Kile kidude cha bei rahisi cha simu mara nyingi huishia kwenye injini tu.
- Tishu nyeupe, tochi, glavu na rula ya chuma.
- Oili sahihi ya kujaza giaboksi, na lita mbili zaidi za kusafishia njia. Kwa giaboksi kavu (isiyo na oili ndani) ya gari dogo, andaa lita 8 hadi 10 kwa jumla.
- Chujio jipya la ndani, gasketi ya sampo (bakuli la oili chini ya giaboksi), oilsili (raba ya kuzuia uvujaji) ya konveta, ile ngoma inayounganisha injini na giaboksi kwa oili, na oilsili mbili za shafti za pembeni.
- Pesa ya ufundi, ya bredi (gari la kubeba magari yaliyoharibika) na ya rejeta endapo itahitajika. Watu wengi hupiga hesabu ya giaboksi peke yake, kisha wanabana kwenye oili, na kubana kwenye oili ndiko kunakoua.

## Hatua ya 1: Hakikisha giaboksi ndiyo inayoumwa

Anza na stiki ya oili. Endesha gari kama dakika 20 lipate moto, simama mahali tambarare, acha injini ikinguruma. Kanyaga breki, pitisha mkono wa gia taratibu kutoka P hadi L na urudi P. Sasa chomoa stiki, ifute, irudishe, chomoa tena. Kwenye Toyota nyingi oili inatakiwa iwe ndani ya alama za HOT. Honda wao hupima injini ikiwa ndiyo kwanza imezimwa, kwa hiyo usikariri njia moja kwa magari yote. Baadhi ya magari hayana stiki kabisa. Hayo hupimwa kwa tundu la chini, gari likiwa limenyanyuliwa sawasawa na oili ikiwa kwenye joto maalumu.

Dondosha tone kwenye tishu. Nyekundu au ya kahawia nyepesi inayosambaa vizuri bado ina uhai. Nyeusi yenye harufu ya mkate ulioungua maana yake plate za klachi zimeungua. Ikiwa ya waridi na nzito kama maziwa yaliyotiwa rangi, maji ya rejeta yameingia. Usiwashe tena hilo gari, na usome hatua ya 6 mara mbili.

Oili ikiwa pungufu, jaza kwanza kisha upime tena. Nimeona gari lililokataa kurudi nyuma "likifa" kwa wiki nzima, kumbe lilihitaji lita moja na nusu na oilsili ya shafti.

Kipimo cha pili ni saa. Oili ikiwa ya moto, handibreki imevutwa, toa gia N uweke D, uhesabu muda hadi usikie gari limeshika. Kiwango cha Toyota ni chini ya sekunde 1.2 kwa D na chini ya sekunde 1.5 kwa R. Ukisubiri sekunde mbili au tatu, shinikizo la oili ni dogo: chujio limeziba, pampu imechoka au sili za ndani zimekauka. Gari linaloingia gia vizuri asubuhi na kuanza kusilipu (injini inapiga kelele, gari halivuti) likishapata moto mara nyingi ni sili hizohizo.

Kisha piga mashine, yaani soma kompyuta kwa skana. Taa ya O/D OFF inayopepesa kwenye Toyota ni giaboksi inayoomba isomwe. Namba kama P0750 inaelekeza kwenye solenoidi (swichi ya umeme inayofungulia oili njia) au waya wake, na solenoidi hubadilishwa kwa kushusha sampo bila kung'oa giaboksi. P0741 inahusu klachi ya ndani ya konveta. Hapo huenda ni konveta, huenda ni valvu bodi, sehemu inayogawa oili kwenye gia. Gari linaloondoka zito kama limefungwa jiwe na halibadili gia kabisa, mara nyingi kompyuta imelibana kwenye gia moja kulinda lisiharibike zaidi. Waya uliokatika unaweza kufanya hivyo.

Usisahau maunti za injini, zile raba zinazoishikilia. Kishindo cha "duh!" unapoweka D, huku oili ikiwa safi na gia zikibadilika vizuri barabarani, kwa kawaida ni raba iliyokatika.

Onyo: fundi akikuambia "giaboksi imekufa" kabla hajachomoa stiki, shukuru na uende kwingine.

Umefaulu ikiwa: una angalau dalili mbili zinazokubaliana. Kwa mfano, oili imeungua na gari linasilipu kwenye gia zaidi ya moja, au kuna vipande vya chuma kwenye sampo. Dalili moja pekee haitoshi kununua giaboksi.

## Hatua ya 2: Jua kama inastahili kubadilishwa

Otomatiki inaishi muda gani? Jibu langu huwaudhi watu: inategemea joto na oili, kilomita zinafuata. Otomatiki ya gia 4 ya Toyota, kama ile ya Premio na Allion za mwili (toleo) wa 240 zenye injini ya 1.5, ikibadilishiwa oili kila km 40,000 hivi, kuvuka km 300,000 si ajabu. Hiyohiyo ukiinyima oili, ukaishindisha kwenye foleni ya jua kali na kuipandisha mlima Kitonga ikiwa imepakia hadi juu ya paa, inaweza kuanza kusilipu kabla ya km 150,000.

CVT zina hesabu yake. Hazina gia za kupanda na kushuka. Kuna mkanda wa chuma unaobanwa kati ya puli mbili. Mkanda ukishateleza mara moja, unakwaruza puli, na hapo safari ya mwisho imeanza. Nchini Marekani, Nissan ilirefusha waranti ya CVT za magari yake ya 2003 hadi 2010 mpaka miaka 10 au maili 120,000, yaani kama km 193,000. Kampuni hairefushi waranti kwa kitu kisichoisumbua. Si kwamba CVT zote ni mbovu, ila ukinunua CVT iliyotumika unanunua kitu chenye nafasi ndogo ya kusamehe makosa ya mtu aliyekutangulia.

Na lile neno la "oili ya maisha" mnaloambiwa, maisha yanayozungumzwa si yako.

Kukarabati giaboksi yako kunalipa pale ambapo fundi wa otomatiki anayeaminika yupo karibu na vifaa vya ndani vinapatikana. Kwa Toyota za kawaida, wengi huishia kununua iliyotumika kwa sababu ni rahisi na gari linarudi barabarani siku mbili tatu. Kwa CVT yenye mlio wa kusaga, mimi hununua nyingine. Sijawahi kufurahia ukarabati wake.

## Hatua ya 3: Pata namba kamili

"Nataka giaboksi ya Premio" ni sentensi inayompa muuzaji uhuru wa kukupa chochote. Premio ya 240 yenye injini ya 1NZ inatumia U340E. Yenye 1ZZ inatumia U341E. Yenye 2.0 ya 1AZ-FSE ni CVT. Ukija kwenye mwili wa 260, hata ya 1.5 ni CVT. Gari ni jina lile lile, vyuma ni tofauti.

Fungua boneti, tafuta kibati ukutani nyuma ya injini, au kwenye nguzo ya mlango. Toyota huandika TRANS/AXLE na namba mbele yake. Nissan nao huandika namba ya giaboksi kwenye kibati: X-Trail ya T31 ya petroli yenye CVT utakuta RE0F10A. Namba ya pili baada ya mkwaju inahusu uwiano wa difu. Ichukue pia, kwa sababu difu ikiwa tofauti spidi na mizunguko ya injini havitaendana ulivyozoea, na kwenye gari la foo-wili ndiyo utaharibu kabisa.

Piga picha vitu hivi: kibati, soketi za waya za giaboksi yako, mabano ya maunti, na mahali sensa za spidi zilipo. Soketi yenye pini 8 haiingii kwenye ya 10, hata muuzaji akiapa.

Onyo kwa CVT na otomatiki za gia 6: nyingi hubeba takwimu zake za kiwandani, kwenye kibandiko au kwenye chipu iliyo juu ya valvu bodi, na kompyuta ya gari lazima izisome upya. Kwa RE0F10A, fundi asiyejua kuandika takwimu hizo kwenye kompyuta atakufungia giaboksi nzima inayogonga kila ukianza kuondoka, kisha atakuambia muuzaji alikuibia. Muulize kabla: "Utaisajili kwa mashine gani?" Akibaki kimya, tafuta mwingine.

## Hatua ya 4: Dukani

Iwe ni Gerezani pale Kariakoo, Kirinyaga Road Nairobi, au umeagiza kutoka Sharjah, hadithi ni moja: "Bosi, hii ya Japani kabisa, imetembea elfu sitini tu." Giaboksi iliyolala sakafuni haina mita. Kilomita hizo ni maneno. Acha masikio, tumia macho na pua.

Chaguo bora ni ile ambayo bado imefungwa kwenye injini ya gari lililokatwa nusu, kwa sababu unaweza kuona namba ya fremu na wakati mwingine kuiwasha. Ya pili ni iliyotolewa ikaja na konveta yake. Ya mwisho kabisa ni iliyooshwa ikang'aa na kupakwa rangi ya fedha. Vumbi na grisi kavu vinasema zaidi kuliko rangi.

Kagua kwa mpangilio huu:

Mwili. Tafuta nyufa kwenye masikio ya bolti na mabano ya maunti. Magari mengi yaliyokatwa yalipata ajali, na pigo la mbele huingia moja kwa moja kwenye giaboksi.

Matundu. Bomba za kupozea na tundu la stiki ziwe zimezibwa. Zilizoachwa wazi zimekunywa vumbi na pengine mvua.

Shingo ya konveta. Iwe laini, inang'aa, haina mtaro unaoshika kucha. Mtaro huo utakula oilsili mpya ndani ya mwezi.

Oili iliyobaki. Chovya tishu kwenye tundu la stiki. Unajua sasa unachotafuta.

Sampo. Hapa ndipo penye ukweli, na hapa ndipo wauzaji wanapokunja uso, kwa kuwa kufungua bolti hufuta waranti yao. Omba yeye mwenyewe afungue mbele yako. Ndani ya sampo utakuta sumaku ndogo, kama sarafu nene. Ipanguse kwa kidole. Tope la kijivu, laini kama poda ya penseli, ni kawaida. Kila giaboksi inayofanya kazi inalo. Ukisikia punje zinakwaruza kidole, ukaona vipande vinavyometameta au chembe za rangi ya shaba, rudisha sampo, asante, kwaheri. Nyuzinyuzi nyeusi nyingi zilizotuama chini ni klachi iliyosagika.

Muuzaji akikataa kabisa kufungua, usikasirike. Ila hapo bei ishuke au waranti iongezeke.

Umefaulu ikiwa: namba imelingana herufi kwa herufi na kibati chako, konveta ipo, soketi ni zilezile, na sumaku ina tope tu.

## Hatua ya 5: Risiti inayokulinda

Andikiwa namba ya giaboksi, si "gearbox 1". Andikeni siku za waranti, na zianze siku ya kufungwa. Mafundi wetu wanaweza kukaa nayo wiki. Iandikwe pia kama ikigoma unarudishiwa pesa au unabadilishiwa nyingine. Ufundi wa mara ya pili kwa kawaida ni juu yako, lijue hilo mapema. Alama ya rangi aliyoweka muuzaji kwenye bolti ipige picha mbele yake.

## Hatua ya 6: Safisha njia, vinginevyo unaua ya pili

Hii niliilipia mwenyewe. Giaboksi ya kwanza ya gari langu ilitoa oili ya waridi. Nikanunua nyingine, nzuri tu, gereji moja ikafunga kwa siku moja nikaisifu kwa kasi. Siku ya 19 nikachomoa stiki nikiwa sheli: waridi. Hakuna aliyegusa rejeta, na mimi sikuuliza.

Kwenye magari mengi oili ya giaboksi hupozwa ndani ya tanki la chini la rejeta. Kibomba kidogo kinapita katikati ya maji. Kikitoboka, maji yanaingia kwenye oili na kulegeza gundi inayoshika nyuzi za klachi kwenye chuma. Kwa hiyo oili ya waridi maana yake rejeta mpya, bila mjadala.

Kama hakukuwa na maji lakini giaboksi ya zamani iliungua au kusagika, uchafu wake umejaa kwenye kibomba hicho na unasubiri kurudi. Fungua mipira yote miwili, sukuma oili safi kwa upepo mdogo wa kompresa, kwanza kinyume na mwelekeo wa kawaida kisha kwa mwelekeo wake, hadi kinachotoka kiwe safi kwenye chombo cheupe. Wengine hutumia petroli. Nayo ikibaki ndani hufanya oili mpya kuwa nyepesi, kwa hiyo mimi siitumii. Vipande vya chuma vikiendelea kutoka, weka kipoza oili cha nje na uache kile cha rejeta.

## Hatua ya 7: Kufunga, na jambo la konveta

Badilisha oilsili, chujio na gasketi sasa, giaboksi ikiwa bado chini. Baadaye kila kimoja ni siku ya kazi.

Konveta huingia kwa ngazi. Unaisukuma huku ukiizungusha, inadumbukia "tok", unazungusha tena, "tok", na mara nyingi "tok" ya tatu ndiyo inayoshika pampu. Fundi mwenye haraka hukomea ya pili. Halafu anasogeza giaboksi kwenye injini, inabaki nafasi ya kidole, anaivuta kwa bolti. Unasikia mlio mdogo, na pampu imepasuka kabla gari halijawashwa.

Weka rula juu ya mdomo wa giaboksi, pima kina hadi kwenye masikio ya konveta. Linganisha na giaboksi ya zamani ikiwa na konveta yake. Vipimo viwe sawa. Ukishafunga mdomo wa giaboksi kwenye injini, kwa mkono tu, bila kutumia bolti kuvuta, konveta lazima bado izunguke kwa vidole na ibaki na nafasi ya milimita chache kabla ya kufika sahani ya flaiwili. Ikikwama, shusha uanze upya.

## Hatua ya 8: Oili na kuwasha

Soma stiki: Toyota nyingi huchapa jina la oili juu yake, T-IV au WS. CVT za Toyota zinataka TC au FE kulingana na toleo, za Nissan NS-2 au NS-3. Usiruhusu mtu atie oili ya otomatiki ya kawaida kwenye CVT kwa sababu "zote ni hydrauliki". Mkanda utateleza.

Tia lita 4 hivi kwanza. Washa, ongeza mara moja nyingine taratibu kwa sababu konveta inanyonya. Usiweke gia kabla stiki haijaonyesha kitu. Kabla ya kufunga mpira wa kurudisha, uelekeze kwenye chupa: injini ikinguruma bila kukanyagwa mafuta, kama lita moja ndani ya sekunde 20 inaonyesha njia iko wazi. Ikidondoka kwa matone, zima, kuna kizuizi.

Funga mpira, pitisha gia zote mguu ukiwa kwenye breki, sekunde chache kila moja, jaza hadi alama ya COOL. Endesha, rudi, pima kwenye HOT. Oili ikizidi hutoa povu, na povu halisukumi klachi.

Kumbukumbu ya zamani ya kompyuta ifutwe kwa skana. Ilikuwa imejifunza kufidia giaboksi iliyochoka. Ikibaki hivyo nyingine itakuwa inagonga.

## Hatua ya 9: Kilomita 1,000 za kwanza

Siku mbili za mwanzo gia zinaweza kubadilika kwa kuchelewa kidogo wakati kompyuta inajifunza. Hilo lipite. Kishindo kinachozidi, mlio unaopanda na mizunguko ya injini, au gari kusilipu likipata moto, ni sababu ya kurudi dukani ndani ya waranti, siyo ya kusubiri mwisho wa mwezi.

Likigoma barabarani, usikubali kuvutwa kwa kamba magurudumu yanayoendesha yakiwa chini. Injini ikizimwa pampu ya oili haizunguki, ila vyuma vya ndani vinazunguka vikavu. Ita bredi ya kubeba.

Kwenye km 100 kagua uvujaji chini ya oilsili za shafti. Kwenye km 1,000 mwaga oili ya sampo. Zitatoka kama lita 3 tu, kwani nyingine hubaki kwenye konveta. Shusha sampo, angalia sumaku. Tope la kijivu jembamba, oili nyekundu inayopitisha mwanga kwenye tishu, na N hadi R chini ya sekunde moja na nusu: funga sampo, jaza kiasi kilekile kilichotoka, andika kilomita na tarehe kwenye kibandiko ndani ya boneti, na uhesabu km 40,000 kuanzia hapo.